Kiatu cha Mwaka Jana Kinatosha

Wasee, wacha niseme hili mapema kabla kalenda ya viatu ya 2026 haijashika moto: kama unacheza basketi hapa Kenya, kiatu bora kwako si kile kinachozinduliwa mwezi ujao. Ni kile kilichozinduliwa mwaka jana, au hata mwaka juzi.

Najua nimeshaudhi nusu ya wanaonifuata. Na mjue siandiki hii kwa raha. Video zangu zinazotazamwa sana ni zile za viatu vipya, zile za "kimetoka, kina nini, ni pesa ngapi". Kwa hivyo hapa naongea dhidi ya ugali wangu mwenyewe. Lakini kila Januari napokea ujumbe wa aina moja: "Bro, katika hivi vinavyokuja, ninunue kipi?" Na wengi wanaouliza ni vijana wa sekondari na wa kampasi, watu ambao hiyo pesa ilikuwa ya fare, ya lunch au ya HELB. Wanastahili jibu la kuwasaidia wao, hata kama halinisaidii mimi.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Nikisema kiatu cha jina simaanishi kiatu chochote cha brandi kubwa. Namaanisha kile ambacho kampuni inamtengenezea mchezaji mmoja: kina jina lake, nembo yake, na mara nyingi namba. LeBron 22. Curry 12. Sabrina 3. Hiyo namba muiweke akilini, kwa sababu biashara yote imejificha ndani yake.

Kinachokuja na kilicho sokoni tayari

Mwaka huu una mambo. La kwanza ni Curry 13, ambayo imepangwa kutoka Februari. Stephen Curry alihama Nike akaenda Under Armour mwaka wa 2013, kiatu chake cha kwanza, Curry One, kikatoka 2015. Novemba 2025 pande zote mbili zikatangaza kwamba zinaachana, na kwamba 13 ndiyo ya mwisho chini ya Under Armour. Kwa hivyo hiki si kiatu tu, ni kwaheri. Na kwaheri huuzwa vizuri.

La pili ni Caitlin Clark. Nike walionyesha nembo yake Agosti 2025, herufi mbili za C zimeshikana, wakasema kiatu chake cha kwanza kitatoka 2026. Hapo tegemea kelele. Huyo dada amejaza viwanja Marekani tangu akiwa chuo kikuu cha Iowa, na watu wamesubiri kiatu chake kwa muda.

Halafu kuna vile vilivyotoka 2025 ambavyo bado vina harufu ya boksi: LeBron 23, AE 2 ya Anthony Edwards kutoka Adidas, SHAI 001 ya Shai Gilgeous-Alexander kutoka Converse, A'One ya A'ja Wilson kutoka Nike, na Angel Reese 1 kutoka Reebok.

Nikiiangalia orodha hiyo, roho yangu ya kupenda viatu inaruka. Sijakataa. Napenda kujua nani amechora nini, povu gani limewekwa chini, mistari ya soli imekaaje. Lakini kupenda kujua na kukimbilia kununua ni vitu viwili tofauti, na kalenda ya uzinduzi imetengenezwa ili usione tofauti hiyo.

Namba ilitoka wapi

Turudi nyuma kidogo. Converse walianza kuuza All Star mwaka wa 1917. Jina la Chuck Taylor liliongezwa kwenye kiatu hicho miaka ya 1930. Chuck alikuwa mchezaji, lakini zaidi alikuwa muuzaji, alizunguka Marekani akifundisha basketi na kuuza raba. Kiatu kile hakikuwa na 2 wala 3. Kilibaki vilevile, na bado kipo, wewe mwenyewe huenda umekivaa ukienda kanisani.

Mwaka wa 1973 Puma wakatoa Clyde, kiatu cha Walt Frazier wa New York Knicks. Hicho pia kilikuwa kiatu kimoja chenye rangi nyingi, bila namba.

Namba zikaja kwa nguvu na Michael Jordan. Nike walimsajili 1984, Air Jordan ya kwanza ikaingia madukani 1985 kwa dola 65. Ya pili ikatoka 1986 kwa dola 100, imetengenezwa Italia. Ya tatu, 1988, ikachorwa na Tinker Hatfield, ikaja na lile puto la hewa linaloonekana kwenye kisigino na ile nembo ya mtu anayeruka. Kuanzia hapo mtindo ukashika: mchezaji mkubwa, kiatu kipya, namba mpya, na msimu ukiisha, cha zamani kinaitwa cha zamani.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Mguu wako haujabadilika. Mchezo haujabadilika. Kilichobadilika ni namba, na namba imekifanya kiatu kizima ulichonacho kionekane kimezeeka. Unga hauuzwi hivyo. Sufuria haiuzwi hivyo. Simu ndiyo inauzwa hivyo, na nyinyi wenyewe mnajua simu ya mwaka jana bado inapiga.

Sasa hapa kuna kipande cha historia ambacho walanguzi wa viatu hawapendi kukisimulia. Mwaka wa 1994 Nike walirudisha Air Jordan 1 sokoni, miaka tisa baada ya ile ya kwanza. Jordan alikuwa ameacha basketi na alikuwa anacheza besiboli. Unajua ilienda vipi? Ilikaa kwenye rafu. Ikapunguzwa bei hadi ikauzwa kama bidhaa ya kumaliza stoki. Kiatu kinachoitwa leo mfalme wa viatu vyote kiliwahi kukosa mnunuzi. Aliyekuwa na subira mwaka huo alikipata kwa bei ya chini kabisa.

Bei yenyewe si mbaya. Haraka ndiyo ghali

Kuna watu watasema kampuni zimetupandishia bei tangu enzi za Jordan. Ukipiga hesabu ya mfumuko wa bei, si kweli kabisa. Dola 65 za mwaka 1985 ni karibu dola 195 za leo. A'One ya A'ja Wilson ilitoka kwa dola 110. AE 1 ya Anthony Edwards ilitoka mwisho wa 2023 kwa dola 120. Kwa thamani halisi, viatu hivyo ni rahisi kuliko Jordan ya kwanza ilivyokuwa kwa kijana wa Chicago wakati ule. LeBron 23 ndiyo imepanda, ni kama dola 210, lakini LeBron amekuwa juu siku zote.

Shida ni njia ya kutoka kule hadi huku. Dola moja ni kama shilingi 129, kwa hivyo dola 110 ni shilingi 14,190 kabla kiatu hakijaondoka dukani Marekani. Ongeza usafiri. Ongeza ushuru wa forodha. Ongeza VAT ya asilimia 16. Ongeza faida ya mtu aliyekuletea. Na kama umekitaka wiki ile ya uzinduzi, wakati kule kwenyewe watu wanagombania, ongeza ya mlanguzi aliyenunua jozi kumi kwa ajili ya kukuuzia wewe. Kiatu cha elfu kumi na nne kinakufikia kikiwa elfu ishirini na tano, na hakijaongezewa hata uzi mmoja.

Subiri mwaka mmoja, uone. Namba mpya inaingia, maduka yanataka nafasi kwenye rafu, bei inashuka. Rangi ambazo hazikupendwa ndizo zinashuka zaidi. Kiatu ni kilekile, povu ni lilelile, soli ni ileile. Wewe umelipa pesa ya kiatu bila kulipa pesa ya haraka.

Waafrika walishaliona hili

Kuna watu watatu nataka tuwataje, kwa sababu kwenye stori za viatu huwa wanapitwa haraka.

Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa. Adidas walimtengenezea kiatu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kikatoka na michoro kama ya vitambaa vya Kiafrika na nembo ya ngao. Ukikiona leo unajua mara moja ni cha mtu wa huku kwetu. Mutombo alifariki Septemba 2024, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake bado inatibu watu. Kwake jina halikuishia kwenye kiatu.

Hakeem Olajuwon, mwana wa Lagos. Huyu ndiye ninayetaka mumkumbuke zaidi. Mwaka wa 1995 Hakeem alikuwa kileleni. Alikuwa ametwaa ubingwa na Houston Rockets 1994, akaurudia 1995. Angeweza kuchukua dili kubwa la kiatu cha bei ghali. Badala yake akaenda na Spalding, wakatoa kiatu cha kama dola 35, mwaka uleule ambao Air Jordan XI iliuzwa dola 125. Hoja yake ilikuwa wazi: mama mwenye watoto kadhaa na mshahara mdogo hawezi kununua raba za zaidi ya dola mia kwa kila mtoto. Mchezaji bora duniani alisema hivyo kwa vitendo.

Giannis Antetokounmpo, aliyezaliwa Athens kwa wazazi Wanigeria. Kiatu chake cha kwanza, Zoom Freak 1, kilitoka 2019 kwa dola 120. Lakini kabla ya hapo, akiwa kijana Ugiriki, yeye na ndugu yake Thanasis walikuwa wakigawana jozi moja ya viatu vya kuchezea. Mmoja akitoka uwanjani anavua, mwingine anavaa anaingia. Naomba usome tena hiyo. MVP mara mbili wa NBA alijifunzia kwenye viatu vilivyokuwa bado moto wa miguu ya nduguye.

Na si Waafrika tu. Mwaka wa 2006 Stephon Marbury, akiwa Knicks, alitoa Starbury One kwa dola 14.98. Alikivaa kwenye mechi za NBA, kilekile cha dukani. Duka lililokuwa likikiuza, Steve & Barry's, likafilisika 2008, na mpango ukafa. Marbury akaenda China, akashinda ubingwa wa ligi yao mara tatu akiwa na Beijing, wakamjengea sanamu. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa Marekani, kiatu chake kilikuwa kimeshageuka kuwa matusi ya uwanjani: "umevaa Starbury". Bei ya chini ndiyo ilikuwa zawadi, na bei hiyohiyo ndiyo watu wakaichekea.

Hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu huku kwetu tunafanya vilevile.

Kicheko kina gharama

Jumamosi asubuhi husaidia kufundisha vijana wa mtaa, chini ya miaka 16. Uwanja ni wa saruji, ringi moja haina wavu. Mwaka jana kijana mmoja, mrefu, mikono mizuri, alianza kukosa mazoezi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamuuliza dadake. Akaniambia wenzake walikuwa wanamcheka raba zake, na kwamba alikuwa hali lunch shuleni anaweka pesa.

Akarudi na ndula mpya. Kwa macho, ni toleo la juzijuzi la nyota mkubwa. Alikuwa amelipa shilingi 4,500 kwa muuzaji wa mtandaoni. Wenzake wakanyamaza, wengine wakamshika bega. Mimi nilibonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikawa kigumu kama ubao. Feki. Sikumwambia kitu siku hiyo, ningemwambiaje? Wiki ya nne, akiwa anakatiza kwenda ringini, soli ya mbele ikaachana na kiatu na kifundo kikapinda. Alikaa nje mwezi mzima.

Shilingi 4,500 ingeweza kununua kiatu halali. Ukienda Gikomba au Toi asubuhi wakati bale zinafunguliwa, ukiwa na macho, unapata kiatu cha jina cha miaka miwili au mitatu iliyopita, kamera kabisa, soli nzima. Kingekuwa na namba ya zamani, basi. Kijana alilala njaa ili akwepe namba ya zamani.

Kwa hivyo mtu akiniambia "wewe unapinga watu kujivunia vitu vizuri", namuuliza: hicho kicheko cha uwanjani, nani anakilipia?

Ukitaka kununua, angalia hivi

Nisiwaache hewani. Kama umekubali kununua cha mwaka jana, haya ndiyo ninayoyaangalia.

Soli ya chini kwanza. Viatu vingi vya jina vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya mbao ndani ya ukumbi. Mpira wake ni laini ili ushike mbao vizuri. Sisi wengi tunachezea saruji na lami, na saruji inakula mpira laini kama sandpaper. Ile soli ya kuangaza kama kioo inapendeza kwenye picha, lakini mara nyingi ndiyo inayokwisha haraka. Tafuta mpira mgumu, mistari mipana yenye kina, hasa ile iliyopangwa kama mifupa ya samaki. Baadhi ya viatu vya Nike vina herufi XDR kwenye soli, maana yake mpira umeongezewa uimara kwa ajili ya nje.

Pili, fikiria Wachina. Najua mtu atacheka. Lakini Dwyane Wade yuko na Li-Ning tangu 2012, Klay Thompson na Kyrie Irving wako na Anta, Nikola Jokić yuko na 361°, Austin Reaves yuko na Rigorer. Hao si wachezaji wa kuokota. Na China ina mamilioni ya watu wanaochezea viwanja vya nje kama sisi, kwa hivyo kampuni za huko huweka sana akili kwenye soli inayodumu. Tena mizigo ya Guangzhou hadi Nairobi ni njia ambayo wafanyabiashara wetu wanaijua kama njia ya kwenda nyumbani. Kiatu cha jina cha Kichina cha mwaka jana, kwa maoni yangu, ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi uwanjani leo.

Tatu, cha zamani kisiwe cha kale. Hapa muwe makini. Jordan nyingi za zamani zina soli ya kati ya polyurethane. Kitu hicho hunywa unyevu wa hewa polepole na baada ya miaka huanza kuvunjika kama biskuti, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Joto na unyevu huongeza kasi, watu wa Mombasa mnanielewa. Jordan ya 2009 kwenye mitumba inaweza kuonekana mpya kabisa, ukairuka nayo mara mbili, soli ikabaki chini. Kwa viatu vya Nike na Jordan, angalia lebo ndogo ndani. Huwa ina tarehe za kutengenezwa. Miaka miwili, mitatu, sawa. Miaka kumi na mitano, hicho ni cha kabatini.

Nne, msiogope kiatu chenye jina la mwanamke. Sabrina Ionescu alipotoa kiatu chake 2023, wanaume wengi wa NBA walikivaa kwenye mechi. Mguu haujui nembo ni ya nani. Angalia tu namba za saizi, kwa sababu za kike na za kiume za Marekani zinapishana kwa moja na nusu.

Pale ambapo kusubiri hakusaidii

Sitaki kuwadanganya kwamba sheria hii haina shimo. Ina mashimo mawili.

La kwanza ni Kobe. Kobe Bryant alifariki tarehe 26 Januari 2020. Mkataba wake na Nike ukaisha 2021, familia na kampuni wakakubaliana upya 2022. Tangu hapo viatu vyake vya zamani vinarudishwa kidogo kidogo, vikiwa vimeboreshwa ndani, na vinaisha upesi. Wachezaji wenyewe wa NBA wanavipenda kwa sababu ni vyepesi na vifupi. Kobe ndiye aliyesisitiza 4 yake iwe fupi kama kiatu cha mpira wa miguu, wakati wengi waliamini kifundo lazima kifunikwe. Kobe ya mwaka jana mara nyingi haishuki bei, inapanda. Basi jibu langu kwa Kobe ni rahisi: kama huna pesa ya Kobe, acha Kobe. Hakuna bao linalohesabiwa tatu na nusu kwa sababu ya kiatu.

Shimo la pili ni la maana zaidi. Sheryl Swoopes alikuwa mwanamke wa kwanza kupata kiatu cha jina cha basketi, Air Swoopes ya Nike, mwaka wa 1995. Wachache walimfuata, kisha kukawa na ukimya wa zaidi ya miaka kumi hadi Breanna Stewart alipopata Stewie 1 kutoka Puma mwaka wa 2022. Kwa msichana wa shule anayecheza basketi Kakamega au Kisumu, kizazi kizima kilipita bila jina la mwanamke kwenye rafu. Sasa kuna Sabrina, A'ja, Angel, na Caitlin anakuja. Hapo uzinduzi una maana kuliko kiatu. Kiatu cha Clark kikitoka, nitashangilia, na nitawaambia wasichana wetu washangilie. Lakini hata wao nitawaambia: shangilieni mwaka huu, nunueni mwaka ujao.

"Lakini kiatu kipya kinanipa moyo"

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote. Ukivaa kitu kizuri unatembea tofauti. Ni kweli. Ukijiamini unapiga shuti bila kusita, na shuti bila kusita huingia zaidi.

Lakini moyo wa aina hiyo unaisha siku kiatu kinapochafuka. Ule unaobaki unatoka mahali pengine. Februari 2021, Yaoundé, Kenya Morans walicheza na Angola, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara kumi na moja. Dakika za mwisho, Tylor Ongwae akapiga shuti la mwisho, tukashinda 74 kwa 73, na baadaye tukaenda AfroBasket kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28. Nimeongea kuhusu shuti hilo na watu wengi sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza Ongwae alikuwa amevaa nini miguuni.

Na wewe unayecheka wenzako uwanjani, hii ni yako pia. Timu inahitaji yule kijana mrefu kuliko inavyohitaji kiatu chako. Ukimcheka akaacha kuja, umepunguza timu yako mtu mmoja na umeongezea mlanguzi mteja mmoja. Makocha, walimu wa michezo, wazazi mnaokuja Jumamosi: kicheko hicho mkikisikia mkikatize palepale. Kukikatiza ni bure, na kinawagharimu vijana kuliko ushuru wowote wa forodha.

Curry 13 ikitoka Februari nitaitengenezea video, msinishike mashati. Nitaongea kuhusu povu, soli, rangi, na mtu aliyemaliza miaka kumi na zaidi na kampuni moja. Tazameni, furahini, kisha mwende mtafute Curry 12 iliyopunguzwa bei.

Halafu nitumieni picha ya kiatu mnachochezea sasa hivi. Upande wa soli, tafadhali. Nataka nione nani anacheza kweli.